Mlango wa Hapana

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayedhani anaijua namwomba radhi mapema: si hiyo, ni nyingine kabisa. Inaitwa Sitara. Ng'ambo ya mto wake iko nchi jirani iitwayo Mwangaza. Zamani zilikuwa nchi moja, zikagawanyika kwa sababu wanaume wa upande huu na wanaume wa upande ule walishindwa kuelewana wanawake wavae nini. Mkutano wa kulijadili jambo hilo ulichukua miezi saba, ukamaliza ng'ombe wa wilaya nzima, na wanawake hawakualikwa kwa sababu, kama taarifa ya mwisho ilivyoeleza, walikuwa wanahusika mno. Sitara ikaamua kwamba wanawake wake watajifunika. Mwangaza ikaamua kwamba wa kwake watajifunua. Kisha likajengwa daraja, ili kila upande uweze kuwaonea huruma wanawake wa upande wa pili kwa karibu.

Katika mji wa Sitara unaotazamana na daraja hilo aliishi Mwanakheri, mjane wa miaka hamsini na minane, fundi cherehani. Yeye alivaa buibui la kizamani, lile pana la kufungwa kamba kipajini, alilorithi kwa mama yake. Alianza kulivaa ana miaka kumi na minne, wakati Wizara ya Stara ilikuwa haijapata hata kiti cha kukalia. Hakulivaa kwa kumwogopa askari. Alilivaa kwa sababu mama yake alilivaa, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusimama mbele ya Mola wake, na kwa sababu lilikuwa pana: aliweza kutoka sokoni na kuku wawili ndani yake na hakuna jirani aliyejua nyumbani kwake kunapikwa nini. Lilikuwa lake, na hakuwahi kufikiri kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa kwa mtu.

Mtoto wake mmoja, Shemsa, aliolewa Mwangaza siku zile ambazo watu walikuwa bado wanavuka daraja kwa kuaga tu. Sasa Shemsa alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, na kila mtu wa kwao anajua mimba ya kwanza maana yake nini. Mama humwendea binti, akakaa naye siku arobaini. Humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, na zaidi ya yote humfunga mkaja, ule utepe mrefu wa kitambaa anaozungushiwa mzazi tumboni ili tumbo lirudi mahali pake na mgongo ushike. Mkaja wa Shemsa ulikuwa tayari. Mwanakheri aliushona kwa marikani nzito, akaufua mara tatu ili ulainike, akaukunja na kuutia kwenye mkoba. Kilichobaki ni kuvuka daraja.

Hapo ndipo Mtukufu Kiongozi alipoharibiwa safari yake ya nje.

*

Alikwenda kuhutubia mkutano wa mataifa kuhusu samaki. Alipomaliza, mwandishi mmoja wa habari, mwanamke, akamuuliza kama wanawake wa Sitara wanajifunika kwa hiari yao. Kiongozi hakuwa na jibu, kwa sababu swali hilo halikuwa la samaki. Inasemekana ndani ya ndege hakula kitu mpaka anafika. Uwanjani alipokelewa na ngoma tatu, akazinyamazisha, akasema:

"Ndugu wananchi, dunia inatusingizia. Inasema wanawake wetu hawana hiari. Kuanzia Ijumaa ijayo, kila mwanamke wa Sitara atavaa kwa hiari yake mwenyewe. Na yule atakayekaidi, serikali haitasita kumlazimisha awe na hiari."

Watu wakapiga makofi kwa hiari. Kabla ya Ijumaa ikaundwa Idara ya Hiari, yenye watumishi mia nne na kumi na wawili, wote wanaume, kwa kuwa wanawake walikwishapangiwa kazi ya kuwa na hiari na isingekuwa haki kuwabebesha mbili. Ikatangazwa kwamba hakuna mwanamke atakayevuka daraja bila Hati ya Hiari.

Mwanakheri aliisikia habari hiyo redioni, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Hakuona tatizo. Yeye alikuwa anavaa miaka arobaini na minne. Kama kuna mwanamke wa kupewa hati hiyo bila kuulizwa, alijisemea, basi ni mimi.

*

Kumbe kuulizwa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Alikwenda na mdogo wake, Kombo, kwa sababu fomu ilitaka sahihi ya walii, yaani mwanamume wa kumsemea. Kombo alikuwa mpole, muuza mikeka, na Mwanakheri ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Leo alitangulia mbele akajikohoza.

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Mdathiri, alikuwa na meza kubwa kiasi kwamba ukitaka kumpa karatasi ilibidi uzunguke. Aliuliza swali la kwanza akimtazama Kombo.

"Je, dada yako ana hiari?"

"Anayo, mheshimiwa," Kombo akajibu. "Mimi mwenyewe nimemruhusu."

Mdathiri akafurahi, akaandika. Kisha akasukuma fomu upande wa Mwanakheri. Ilikuwa na swali moja tu: Je, unavaa kwa hiari yako? Chini yake palikuwa na visanduku viwili vya kutia alama. Kimoja kiliandikwa Ndiyo. Cha pili kiliandikwa Ndiyo Kabisa.

Hapa Mwanakheri alifanya kosa ambalo mia nne na kumi na wawili wale hawakuwa wameliandalia kanuni. Alilifikiria swali. Alikuwa fundi, na fundi akiulizwa kipimo hakisii. Akaikalia fomu ile muda mrefu, akaona kwamba kwa kweli hajawahi kuulizwa, na kwamba sasa anaulizwa na watu ambao hawataki kujua. Akachukua kalamu, akaandika pembeni: Navaa kwa ajili ya Mungu wangu. Wizara haikuwepo nilipoanza.

Mdathiri alilisoma mara mbili, akavua miwani.

"Bi Mwanakheri, hili ni jibu zuri, lakini liko nje ya kisanduku."

"Ndiko lilikoenea, bwana."

"Halina ubaya. Ila sasa sijui una hiari au unavaa tu." Akamgeukia Kombo kwa masikitiko. "Na hilo buibui mbona pana hivi? Vazi la taifa lina kipimo chake."

Wakaleta futi. Buibui lilizidi kipimo cha taifa mara mbili na robo. Msaidizi mmoja akafungua kitabu cha kanuni, akapekua, akasema kanuni zinaadhibu upungufu lakini haziutaji uzidifu. Wakaliacha, wakiandika kwamba suala hilo litafanyiwa utafiti.

Halafu wakaupata mkaja kwenye mkoba, wakaunyoosha juu ya meza ile, nao ukafika mwisho wa meza ukaning'inia.

"Hii ni nguo ya kufunika kipi?" Mdathiri akauliza.

"Haifuniki. Inafunga tumbo."

"Tumbo la nani?"

"La mwanangu, akishajifungua."

Wanaume wale wakatazamana. Katika jedwali lao la nguo palikuwa na kichwa, shingo, kifua, viwiko na vifundo vya miguu. Tumbo la mzazi hakuna aliyewahi kulikumbuka. Mmoja wao, ambaye mkewe alikuwa na watoto sita, aliuliza kama kitu hicho kinatumika kweli. Wakamrudishia, wakamwambia atasubiri nafasi ya kuingia katika Chumba cha Kuchagua.

*

Alisubiri siku tisa. Siku ya tisa alfajiri simu ikalia.

"Mama, nimejifungua. Wa kike," Shemsa akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mama mkwe ningekuwa naye angenisaidia, lakini si unajua alishatangulia. Mume wangu anajitahidi, kanichemshia maji yameungua na sufuria. Tumbo limekuwa kama si langu. Mgongo haunishiki. Njoo unifunge."

"Nakuja, mwanangu."

"Lini?"

Mwanakheri akasema leo, akakata simu. Alivaa, akaenda Idarani akakaa kwenye ngazi mpaka walipofungua.

Chumba cha Kuchagua kilikuwa fahari ya Idara, na picha yake ilitumwa kwa yule mwandishi wa habari. Mwanamke huingia peke yake, anafungiwa, anavua vazi lake mbele ya kioo ambapo hakuna wa kumwona, halafu anachagua. Milango ya kutokea ni miwili. Mmoja umeandikwa NDIYO, mwingine HAPANA. Nje anakaa mtu na saa.

Mwanakheri aliingia, akafungua kamba ya kipajini, akalishusha buibui. Kiooni akaona mwanamke mwenye nywele za mvi zilizosukwa mabutu manne, amechoka, ana binti ng'ambo ya mto. Hakuona la ajabu. Alikuwa na nia ya kutoka kwa mlango wa NDIYO, na angetoka kwa huo hata kama milango ingekuwa kumi. Lakini alitaka kwanza kuugusa huu mwingine, ili akitoka ajue mwenyewe kwamba ametoka, hakutolewa.

Akausogelea mlango wa HAPANA. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani iliyokoza, una bawaba, una kitasa cha shaba, na tundu la ufunguo lenye kivuli ndani yake. Akashika kitasa, vidole vikateleza kwenye ukuta mtupu. Ulikuwa mchoro. Mchoraji alijua kazi yake, hata mbao alizitia vijumba vya mchwa. Mwanakheri akainamisha macho akaona, usawa wa bega, rangi imechakaa na kuingia weusi. Ilikuwa alama ya viganja. Wanawake waliomtangulia walikuwa wameusukuma ukuta ule mmoja baada ya mwingine mpaka wameuchafua.

Aliweka kiganja chake juu ya alama zile akakaa hivyo. Moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakuitegemea. Alilia kidogo, akalivaa buibui lake, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na minne akaliona zito.

"Dakika kumi na mbili," akasema mtu wa saa. "Wenzako hutumia mbili. Ulikuwa unasita?"

"Nilikuwa natafuta kitasa."

Mdathiri aliposikia alitoka nyuma ya meza yake, jambo ambalo hulifanya kwa nadra kwa sababu ni mbali. Alimwambia kwa upole, kama baba, ingawa Mwanakheri alimzidi umri kwa miaka kumi: "Bibi, mlango ule ni wa mfano. Ungekuwa wa kweli, si mngetoka?"

Mwanakheri alimtazama akaona kwamba mtu huyu hajui alichokisema, na hatakijua. Shemsa alikuwa amelala ng'ambo ya mto na mgongo usioshika. Akavuta fomu, akatia alama kwenye Ndiyo Kabisa, akaweka sahihi. Kitu kilichokuwa baina yake na Mungu wake kikapigwa muhuri wa mviringo na kupewa namba.

*

Daraja lina hatua mia mbili, na katikati limepigwa mstari mweupe. Mwanakheri alilivuka haraka, mkoba kwapani, buibui likijaa upepo. Mwisho wa ng'ambo alikuta banda safi lenye maua, na mbele yake mwanamke mrefu mwenye sare, jina lake kifuani: Mkaguzi Leokadia, Idara ya Ukombozi.

"Karibu sana, mama. Pole kwa yote uliyopitia," akasema Leokadia, akampa maji ya baridi. "Sasa uko huru. Vua."

"Nimekuja kwa mwanangu amejifungua. Sina siku nyingi."

"Hatutachukua muda. Ni fomu moja."

Fomu ilikuwa na swali moja: Je, unavua kwa hiari yako? Na visanduku viwili, Ndiyo na Ndiyo Kabisa. Mwanakheri aliigeuza, akaona chini jina la mpiga chapa. Lilikuwa lile lile. Nyuma ya Leokadia mlango wa chumba ulikuwa wazi, na ndani, ukutani, akauona mlango wa kijani wenye kitasa cha shaba na vijumba vya mchwa. Mchoraji alikuwa amevuka daraja bila matatizo.

"Sivui," akasema Mwanakheri.

"Nani kakukataza?"

"Hapana aliyenikataza. Ni langu."

Leokadia alimtazama kwa huruma ya kweli. Nasema ya kweli kwa sababu machozi yalimlengalenga. "Mama, ndivyo wanavyosema wote waliofungwa akili. Sisi hatuwezi kukuingiza ukiwa umekandamizwa, itakuwa ukatili. Rudi kwanza ukajikomboe, halafu uje uwe huru."

Akarudi. Upande wa Sitara askari aliigeuza Hati yake juu chini. Ilikuwa ya kutokea. Ya kuingilia hakuwa nayo, maana Idara ilitaka uthibitisho kwamba amerudi kwa hiari, na Idara ilikuwa imefunga kuadhimisha Wiki ya Hiari, ambayo mahudhurio yake yalikuwa ya lazima.

Kwa hiyo Mwanakheri akakaa darajani. Kombo alimletea mkeka, chai na mihogo, akaviweka mwisho wa daraja, kisha akarudi kwenye gwaride la Wiki ya Hiari huku anageuka geuka. Mwanakheri alitandika mkeka juu ya mstari mweupe, akaswali hapo, akalala hapo. Mchana watu wa pande zote mbili walikuja kumtazama. Wa Sitara walisema yule ndiye mwanamke aliyeukataa ufisadi wa Mwangaza. Wa Mwangaza walisema yule ndiye mwanamke anayejaribu kuitoroka Sitara. Pande zote mbili zilimpungia mkono. Yeye alikuwa anazihesabu siku za Shemsa kwa vidole, na kila kidole kilimkata maini.

*

Siku ya nne Shemsa akaja kwa miguu yake. Mzazi wa siku nne hatoki nje, si kwao, si kokote, lakini alitoka. Alikuja ameshika ukingo wa daraja kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, kichwa wazi, nywele zimefungwa kwa nyuma kwa raba, uso umepauka. Mwanakheri alisimama lakini hakuuvuka mstari, alishauzoea. Akanyoosha mikono tu.

"Usinitazame kichwa, Mama," Shemsa akasema alipofika. "Nilitia sahihi. Wasingeniacha nikae na mume wangu."

"Kisanduku kipi?"

"Ndiyo Kabisa."

"Na mimi," akasema Mwanakheri. "Hicho hicho."

Walitazamana, kisha Shemsa akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akaanza kulia. Mwanakheri akaufungua mkoba. Mkaja ulikuwa umekunjwa vile vile. Lakini mkaja hufungwa juu ya ngozi, na huku kuna askari na kule kuna askari, na watazamaji, na jua la saa sita. Mwanakheri alilishika buibui la mama yake pande zote mbili, akalifungua, akamkaribisha mwanawe ndani na mtoto wake, akalifunga tena juu yao wote watatu. Lilienea.

Ndani palikuwa na giza jepesi na harufu ya udi. Akapapasa tumbo la Shemsa, akaliona limelegea na lina moto, akaanza kuuzungusha mkaja kutoka kwenye nyonga kupanda juu.

"Kaza, Mama."

"Nakaza. Vuta pumzi."

Nje viatu vikasikika kutoka pande mbili, vikasimama kwenye mstari. Mdathiri alikuwa ameitwa kutoka gwarideni, bado na beji kifuani. Leokadia alikuwa na faili. Hawakusalimiana, serikali zao hazisalimiani.

"Naandika kwamba wanawake wawili wamejistiri kwa hiari," akasema Mdathiri.

"Naandika kwamba wanawake wawili wamefunikwa kwa nguvu," akasema Leokadia, "na mmoja wao ni wa kwetu."

Halafu mtoto akalia ndani ya buibui, kilio kifupi, na wote wawili wakafungua ukurasa mpya kwa pamoja.

"Huyo mtoto," akauliza Mdathiri, "ni wa kike au wa kiume?"

"Ndiyo, mama, tufahamishe," akasema Leokadia. "Ni kwa faida yake. Fomu yake tunayo."

Shemsa akaukamata mkono wa mama yake gizani. Akamtia mtoto titi, naye akanyamaza. Nje kalamu mbili zikasubiri.

Mkaja ulikuwa umefika kifuani, umebana vizuri, umebaki kufungwa fundo. Mwanakheri alilifunga. Alijua kwamba sasa kazi imekwisha, itabidi watoke, na kwamba pande zote mbili za daraja zina mlango mmoja mmoja tu. Akalishika fundo lile akakaa nalo vidoleni. Kisha akalifungua, akaukunjua mkaja wote taratibu, akaanza tena kutoka kwenye nyonga.